Kavaludaari au Garuda Gamana: uanze na filamu ipi ya Kikannada kuhusu polisi na wanasiasa?

Mwenye nafasi ya filamu moja tu ya Kikannada juu ya polisi na wanasiasa wanaokula sahani moja, atazame Kavaludaari ya mwaka 2019. Mwenye nafasi ya mbili aongeze Garuda Gamana Vrishabha Vahana ya mwaka 2021, ila asizitazame usiku mmoja, kwa sababu hiyo ya pili inaacha uzito usiofaa kuongezewa kitu kingine juu yake. Hilo ndilo jibu langu kwa mwenye haraka. Kuna watu, hata hivyo, ambao ningewashauri wapindue mpangilio huo, na wapo wengine ambao ningewaambia waziache zote mbili kwanza, waende moja kwa moja kwenye Accident, filamu ya mwaka 1985. Inategemea unatafuta nini.

Kikannada ni lugha ya jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 43 ambao ndiyo lugha yao ya kwanza, na Bengaluru, makao makuu ya jimbo, ndiyo makao ya sinema yake pia. Wengi wetu tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tuliingia huku kwa mlango wa K.G.F. (2018), kisha Kantara (2022), filamu za kishindo ambamo mtu mmoja anaangusha kundi zima. Kavaludaari na Garuda Gamana ni za mkondo mwingine. Humo askari anachoka, anaogopa, anakatazwa, na mara nyingi anarudi nyumbani mikono mitupu. Nazipenda kwa sababu hiyo. Zinautazama ufisadi kama kazi ya kila siku inayofanywa na watu wenye ofisi, na zinakuonyesha kazi hiyo inavyofanywa.

Uhamisho, silaha isiyotoa moshi

Kabla hujachagua, kuna jambo moja ukilijua filamu zote mbili zinafunguka. Nchini India polisi ni wa serikali ya jimbo. Nani awe mkuu wa kituo gani, nani apandishwe cheo, nani apelekwe pembezoni: kwa maandishi hayo ni mambo ya wakuu wa polisi na wizara, lakini kwa vitendo mbunge wa eneo ana sauti nzito. Askari akimgusa mtu wa mheshimiwa, barua ya uhamisho inaweza kumfikia kabla upelelezi haujakamilika. Hahitaji kufukuzwa kazi wala kutishwa kwa bastola. Anahamishwa tu, watoto wanabadilishwa shule, na faili linabaki kwa mwingine aliyekwisha kuelewa somo.

Suala hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu. Prakash Singh, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa jimbo la Uttar Pradesh, alifungua shauri mwaka 1996. Miaka kumi baadaye, Septemba 2006, mahakama iliamuru kila jimbo liunde bodi ya maofisa wa polisi ya kushughulikia uhamisho, na maofisa wanaoongoza kazi, kutoka mkuu wa polisi wa jimbo mpaka mkuu wa kituo, wahakikishiwe angalau miaka miwili mahali pamoja. Majimbo mengi yalijikokota kutekeleza.

Karnataka yenyewe ina chombo chake cha kupambana na rushwa, Lokayukta, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mwaka 2011 ripoti ya chombo hicho kuhusu uchimbaji haramu wa madini ya chuma ilisababisha waziri kiongozi wa jimbo kujiuzulu. Mtazamaji wa Bengaluru anaingia ukumbini akiwa ameyasoma hayo magazetini kwa miaka, ndiyo maana waandishi wa filamu hizi hawapotezi muda kueleza kwa nini askari anamwogopa mbunge kuliko anavyomwogopa jambazi. Sisi tunaotazama kutoka mbali tusipojua tutadhani askari ni mwoga tu.

Kavaludaari: mpelelezi asiye na mamlaka

Hii ni filamu ya pili ya mwongozaji Hemanth M. Rao. Ya kwanza yake, Godhi Banna Sadharana Mykattu (2016), ilimhusu baba mwenye maradhi ya kusahau anayepotea mjini, na baba huyo alichezwa na Anant Nag, ambaye amerudi tena hapa. Kavaludaari ilitoka Aprili 2019 ikiwa filamu ya kwanza ya kampuni ya Puneeth Rajkumar, nyota aliyependwa Karnataka kwa mapenzi ya kupindukia mpaka alipofariki Oktoba 2021.

Shyam, anayechezwa na Rishi, ni ofisa wa trafiki Bengaluru. Kutwa yuko barabarani katikati ya moshi na honi, lakini moyo wake uko kwenye upelelezi. Anaomba ahamishiwe huko, wakubwa hawataki kusikia. Kisha ujenzi mjini unafukua mafuvu matatu ya watu. Ni mifupa ya miaka mingi, hakuna ndugu anayelia nje ya kituo, hakuna gazeti linalopiga kelele, na wanaohusika na kesi wangefurahi ikifungwa mapema. Shyam anaifuata peke yake, kimya kimya.

Uzuri wa filamu hii umejengwa juu ya jambo hilo: mpelelezi wake hana mamlaka yoyote juu ya kesi anayoipeleleza. Hawezi kumwita shahidi kituoni. Hawezi kudai faili. Akibisha hodi kwa mtu, mwenye nyumba ana haki ya kumfungia mlango. Filamu nyingi za aina hii humpa shujaa kesi, halafu humnyang'anya katikati ili tumwonee huruma. Shyam hajawahi kuwa nayo tangu mwanzo, kwa hiyo kila hatua anaipata kwa ubishi, kwa uongo mdogo, au kwa hisani ya mtu. Mtazamaji anauona mfumo kutoka upande wa raia anayeambiwa njoo kesho, ingawa mhusika amevaa sare.

Uzi wa mafuvu yale unarudi nyuma miaka arobaini, hadi wakati wa Hali ya Hatari, ile miezi 21 kati ya Juni 1975 na Machi 1977 ambapo serikali ya Indira Gandhi ilifunga wapinzani bila kesi na kukagua magazeti kabla hayajachapwa. Kipindi hicho mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alipotea na familia yake, na vito vya kifalme vikapotea pia. Umma ukaambiwa alikimbia na mali. Kwa miaka yote hiyo jina lake limebaki la mwizi.

Kuchagua kipindi hicho ni uamuzi wa busara sana. Magazeti yakifungwa mdomo, mtu akipotea hakuna wa kuuliza. Na aliyenufaika na kimya kile amepewa muda wa kutosha: miaka kumi ya kuwa tajiri, kumi ya kuwa mfadhili, kumi ya kuwa mheshimiwa. Filamu inamfuata mtu wa namna hiyo, ambaye cheo chake chote kimesimama juu ya jambo moja lililofukiwa. Simtaji ni nani na mwisho wake sisemi, maana filamu hii ikivujishwa inapoteza nusu ya utamu wake.

Wanaomsaidia Shyam ni wawili. Mmoja ni Kumar, mhariri wa gazeti la habari za uhalifu linalokata roho, anayechezwa na Achyuth Kumar kwa namna inayokufanya umpende na umshuku kwa wakati mmoja. Mwingine ni Muthanna, mpelelezi mstaafu aliyeshika kesi hiyo ujanani ikamvunja. Huyu ndiye Anant Nag. Alikuwa na miaka zaidi ya 70 wakati huo, na anacheza mzee mlevi, mkali, asiyetaka kugeuzwa malaika. Anazungumza kidogo, anakaa sana. Ukimtazama anavyomsikiliza kijana huyu wa trafiki, unaona dharau, halafu udadisi, halafu kitu kinachokaribia aibu, na hajasema neno bado. Ningeitazama filamu hii tena kwa ajili yake tu.

Kasoro zipo. Habari ya mapenzi kati ya Shyam na Priya ni nyembamba, unahisi iliwekwa kwa kuwa filamu lazima iwe nayo. Sadfa ni nyingi kidogo kwenye nusu ya pili, na nusu ya kwanza inakwenda polepole. Asiyependa kusubiri anaweza kuchukua simu yake, na akiichukua atakosa maelezo madogo ambayo baadaye yanageuka kuwa makubwa. Muziki wa Charan Raj unaziba mapengo mengi kati ya hayo.

Garuda Gamana: askari mwenye mamlaka asiyeyataka

Sasa geuza kila kitu. Brahmayya, ofisa wa polisi katika Garuda Gamana Vrishabha Vahana, ana kituo, ana sare, ana silaha, ana eneo lake lenye mipaka. Kesi ni yake kabisa. Naye anaonekana kama mtu aliyefungwa humo.

Filamu imeandikwa na kuongozwa na Raj B. Shetty, ikatoka Novemba 2021, wiki tatu baada ya kifo cha Puneeth, wakati Karnataka ingali na msiba. Mahali ni Mangaluru, mji wa bandari kwenye Bahari ya Arabu, na hasa mtaa wa Mangaladevi, unaoitwa kwa jina la hekalu lililopo hapo. Huko ni pwani ya watu wa Kitulu, na hata Kikannada kinachosemwa kina ladha yake tofauti na cha Bengaluru. Vijana wawili waliolelewa pamoja, Hari na Shiva, wanapanda kutoka uhuni wa mtaani mpaka kushika mtaa mzima. Hari, anayechezwa na Rishab Shetty, anataka fedha, viwanja, viatu safi na watu wa kumheshimu. Shiva, anayechezwa na mwongozaji mwenyewe, hataki karibu chochote. Anacheza kriketi na vijana wa mtaa, anarudi, anaua, anarudi tena uwanjani na kandambili zake.

Mbunge wa eneo anataka genge hilo limalizike. Hataki kesi mahakamani, hataki ushahidi, hataki kelele. Anamwambia Brahmayya, naye Brahmayya anajua kwamba akikataa ataumia yeye. Anachokifanya ofisa huyu ni kutafuta ufa kati ya marafiki wawili na kuupanua kidogo kidogo. Gopalkrishna Deshpande anamcheza kwa woga mwingi mno: mwili umelegea, macho yanakwepa, sauti haipandi. Na ni yeye tunayemsikia akisimulia, kwa hiyo tunapewa historia ya genge kwa mdomo wa mtu aliyeagizwa kulivunja.

Hapa ndipo naiona filamu hii ikiizidi Kavaludaari. Mwanasiasa wa Kavaludaari ana uhalifu wa kuficha, ana tarehe, ana maiti. Ukimfichua, umemmaliza. Mwanasiasa wa Garuda Gamana hajamgusa mtu. Ametamka maneno machache kwa mtumishi wa umma. Mtumishi wa umma naye hajamchoma mtu kisu; amepeleka neno huku na kule. Waliochomana visu ni wahuni, na magazeti yataandika kwamba wahuni wamechomana visu. Ukitafuta mahali pa kumkamata mkosaji, hupapati. Nimeona filamu nyingi za ufisadi kutoka nchi nyingi, na chache zimeonyesha kwa usafi namna hii jinsi sheria inavyoweza kuua bila kuacha alama ya kidole.

Raj B. Shetty hakusoma uigizaji wa mbwembwe. Shiva wake hatishi mtu kwa maneno; anatembea tu kuelekea kwako, na hilo linatosha. Baada ya kuua anacheza ngoma ya chui milia, ile ya vijana wa Mangaluru wanaojipaka rangi na mistari wakati wa sikukuu ya Dasara, na unaona mwili wake ukifurahi kwa namna ambayo uso wake hauwezi. Kisha kuna Sojugada Soojumallige, wimbo wa jadi wa kumsifu Mungu Shiva, unaoimbwa katika sehemu ambayo sitaieleza. Muziki wote ni wa Midhun Mukundan, na ni miongoni mwa bora niliowahi kusikia kwenye filamu ya wahuni.

Majina ya wahusika si ya bahati: Brahma, Vishnu (Hari) na Shiva, yaani muumba, mlinzi na mharibu wa imani ya Kihindu. Huhitaji kuyajua hayo ili kufuata hadithi, lakini ukiyajua utaelewa kwa nini ofisa wa polisi ndiye "anayeumba" vita vyote.

Kasoro kubwa ni wanawake. Karibu hawapo, na waliopo ni mama wa kulia tu. Ni filamu ndefu, saa mbili na nusu, na mapanga yake si ya kuigiza. Usiiwashe watoto wakiwa sebuleni. Mtu ambaye hawezi kuona damu asijilazimishe.

Zikiwekwa bega kwa bega

Ukipenda fumbo, Kavaludaari. Kuna swali tangu dakika za mwanzo, nani aliwaua watu watatu hawa, na jibu linakuja. Garuda Gamana haina fumbo: unajua mapema kwamba marafiki hawa watamalizana, na unatazama ili kuona ni kwa mkono wa nani.

Kwa anayetazama na familia, Kavaludaari tena, bila kusita. Wazee wataelewa Muthanna, vijana wataelewa Shyam, na damu ni kidogo.

Kwa anayesoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha huku akijitahidi kufuata, mambo yanageuka. Kavaludaari ina majina mengi, vipindi viwili vya wakati, na nyaraka. Ukikosa mstari mmoja unaweza kupotea. Garuda Gamana inaongea kidogo. Nusu yake ungeielewa hata maandishi yakizimwa, kwa sababu inasimulia kwa miili, nyuso na barabara zenye mvua. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, anza na hii.

Na kama wewe ni mtu uliyewahi kufanya kazi ya umma, ukaambiwa na mkubwa ufanye jambo ambalo halikuandikwa popote, nadhani Garuda Gamana itakugusa kuliko ile nyingine. Brahmayya si mla rushwa kwa maana tuliyoizoea. Hatumwoni akihesabu noti. Anatafuta tu kupumua, na gharama ya kupumua kwake ni maisha ya vijana. Kavaludaari inatupa askari wa kutamani kuwa. Garuda Gamana inatupa askari ambao wengi wetu tungekuwa, na ndiyo maana baada ya kuimaliza watu huzungumza juu yake kwa siku kadhaa.

Kwa nini basi naweka Kavaludaari mbele? Kwa sababu ndiyo inayomrudishia aliyeuawa jina lake. Mtu aliitwa mwizi kwa miaka arobaini, na mtu mmoja asiye na cheo akakataa iishie hapo. Mtazamaji mgeni wa sinema hii anahitaji kuona kwanza kwamba jambo hilo linawezekana, ndipo aende Mangaluru akaone linavyoshindikana.

Je, na Tagaru?

Watu watakutajia Tagaru (2018), na hawakosei kuitaja. Duniya Soori aliiongoza, Shiva Rajkumar, kaka yake Puneeth, ni ofisa wa polisi anayewawinda majambazi, na Dhananjaya aliyecheza jambazi Daali alipata sifa kubwa hivi kwamba jina hilo limemganda mpaka leo. Muziki ni wa Charan Raj yuleyule wa Kavaludaari. Hadithi inarukaruka mbele na nyuma kwa ustadi, nyimbo zinachezeka, na wabaya wake wana uhai wa ajabu.

Lakini suluhisho lake ni risasi. Ofisa anaamua nani afe, na filamu inatuomba tushangilie. Nchini India mauaji ya namna hiyo, ambapo polisi husema mtuhumiwa alikufa katika makabiliano, si jambo la filamu tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilitoa maelekezo 16 ya namna kila kifo cha aina hiyo kinavyopaswa kuchunguzwa na chombo huru. Anayetaka burudani ataipata humu tele. Anayetaka kuelewa polisi na wanasiasa atatoka na kidogo, kwa kuwa askari wa Tagaru hana mtu juu yake anayemvuta kamba. Itazame ya tatu au ya nne, ukiwa umekwisha kumjua Brahmayya.

Filamu ya mwaka 1985 ambayo ningependa uione

Accident iliongozwa na Shankar Nag, mdogo wake Anant Nag. Mtoto wa mwanasiasa, akiwa amelewa dawa za kulevya, anaendesha gari usiku na kuwakanyaga maskini waliolala kando ya barabara. Baba yake, Dharmadhikari, ana uchaguzi mbele yake. Kuanzia hapo ni kazi ya kusafisha: ripoti, mashahidi, simu kwa huyu na yule. Mwandishi wa habari, anayechezwa na Shankar mwenyewe, anajaribu kuuweka ukweli hadharani. Muziki ni wa Ilaiyaraaja, na filamu ilipata Tuzo ya Taifa ya India kama filamu inayohusu masuala ya jamii.

Dharmadhikari ni Anant Nag. Fikiria hilo: mtu yuleyule ambaye mwaka 2019 ni mpelelezi aliyeharibiwa na wakubwa, mwaka 1985 alikuwa mkubwa mwenyewe. Anamcheza bila kupaza sauti, baba anayempenda mwanawe na anayejua namba ya simu ya kila mtu anayehitajika. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa wiki moja, utaona sehemu mbili za meza ileile.

Inafaa nani? Anayevumilia picha ya zamani na sauti isiyo safi, na anayetaka kuona jambo likisemwa bila mapambo. Haina fumbo wala ngoma ya chui milia. Ina simu zinazopigwa. Na hadithi yake haijazeeka hata kidogo: mwaka 2023 Hemanth Rao, yule wa Kavaludaari, alitoa Sapta Saagaradaache Ello, ambamo kijana dereva anakubali kubeba lawama ya ajali iliyosababishwa na mtoto wa tajiri wake. Hiyo ni filamu ya mapenzi zaidi, lakini jeraha ni lilelile.

Shankar Nag alifariki kwa ajali ya gari Septemba 1990 akiwa na miaka 35. Miaka miwili kabla alikuwa amecheza Sangliana, filamu iliyochukua jina la ofisa wa kweli wa polisi wa Karnataka aliyesifika kwa uadilifu. Ofisa huyo baadaye aliingia siasa, akachaguliwa mbunge wa Bengaluru Kaskazini mwaka 2004.

Nyingine mbili, kwa ufupi. Antha (1981) ya Rajendra Singh Babu, ambamo Ambareesh ni polisi anayejipenyeza kwenye genge kwa kuwa anafanana sura na jambazi, ni kali, ina mateso ya kutisha, na hasira yake kwa vigogo ilizua mvutano mkubwa ilipotoka. Ni ya mwenye moyo mgumu na anayependa historia ya sinema. Aa Dinagalu (2007) ya K. M. Chaitanya inatokana na kumbukumbu za Agni Sreedhar, aliyekuwa mmoja wa watu wa genge Bengaluru kabla ya kuwa mwandishi, na inahusu vigogo wa uhalifu wa miaka ya 1980, Jayaraj na Kotwal Ramachandra. Humo polisi na wanasiasa wako pembeni ya picha, lakini ukiwatazama vizuri utaona ndio wanaoamua genge gani liishi. Mmoja wa walioshiriki kuandika mswada wa filamu ni Girish Karnad, mwandishi mkubwa wa tamthilia za Kikannada, na inasikika.

Kabla hujabonyeza

Garuda Gamana iliingia ZEE5 Januari 2022, na Kavaludaari imekuwa Prime Video. Upatikanaji hubadilika kulingana na nchi uliyopo. Accident itafute kwa jina la mwongozaji, kwa sababu filamu zenye jina hilo ni nyingi.

Jihadhari na jambo moja. Kavaludaari ilitengenezwa upya mwaka 2021 kwa Kitamil, Kabadadaari, na kwa Kitelugu, Kapatadhaari. Huenda ukakutana na hizo kwanza. Hadithi ni ileile, na Nassar aliyechukua nafasi ya Muthanna ni mwigizaji hodari, lakini ukishajua jibu la fumbo huwezi kulisahau, na utakuwa umejinyima nafasi ya kulipata kwa mara ya kwanza ukiwa na Anant Nag. Subiri uipate ya Kikannada.